Kikombe cha Samunge na glasi ya "dawa ya moyo"

 

Ndugu Waislamu, mwaka 2011 nchi hii ilisimama kwa ajili ya kikombe. Wengi wenu mnakumbuka. Kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Tanga, na hata kutoka Nairobi, watu walikodi magari, wakawapakia wagonjwa wao, wengine wakiwatoa wodini, wakashika njia ya vumbi ya Mto wa Mbu na Engaresero kuelekea Samunge, wilayani Ngorongoro, katika nchi ya Wabatemi ambao wengine tunawaita Wasonjo. Huko alikuwako mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu, ambaye alisema ameoteshwa dawa. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochemshwa kwa mizizi ya mti unaoitwa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, na hakirudiwi. Kisukari, pumu, saratani, shinikizo la damu, UKIMWI, vyote vilisemwa kuwa vinaondoka kwa kikombe hicho kimoja. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilometa. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni wakisubiri zamu yao. Mawaziri walikwenda, wabunge walikwenda, na tusijifiche, Waislamu nao walikwenda, wakiwemo waliovaa kanzu na waliovaa hijabu. Ilibidi wataalamu wa afya wawakumbushe watu wasiache vidonge vyao. Babu mwenyewe alifariki Julai 30, 2021, na Samunge imerudi kuwa kijiji cha wakulima wa mifereji kama kilivyokuwa.

Sikusudii kumsimanga marehemu. Kikombe kile nimekikumbuka kwa sababu ya kikombe kingine ambacho hakina foleni ya magari, bali kinanywewa kimya kimya katika miji yetu, na ninaogopa kuwa wanaokinywa wanaongezeka.

Baada ya darsa moja alinifuata mzee wa msikitini kwetu, mtu mzima, mfanyabiashara, mtu wa swala tano. Akanionyesha karatasi ya maabara. Lehemu mbaya iko juu, lehemu nzuri iko chini, na mafuta mengine ya damuni nayo yamepanda. Aliyempima, ambaye simtaji, alimpa vidonge, kisha akaongeza neno: watu wa Ulaya huteremsha chakula cha usiku kwa glasi moja ya mvinyo mwekundu, na hiyo hupandisha lehemu nzuri na kulinda moyo. Mzee hakujua kama alitaniwa au aliambiwa kweli. Akaniuliza: "Ustadh, ikiwa ni dawa na wala si ulevi, glasi moja tu, tena pamoja na chakula, Allah si Mwingi wa Rehema?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, haramu, na kugeuza uso. Sikufanya hivyo, kwa sababu swali lake si la kipuuzi. Ni mgonjwa anayeogopa kufa, na ameambiwa jambo ambalo kwa miaka mingi liliandikwa katika majarida makubwa ya kitabibu. Anastahiki jibu kamili.

Tuanze na damu yenyewe. Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Kwa hikma Yake, Muumba amefanya mafuta yasafiri ndani ya vifurushi vidogo vidogo. Vifurushi vya aina moja, ambavyo maabara huviandika LDL, hupeleka lehemu mwilini, na vikizidi huiacha imeganda kwenye kuta za mishipa, mpaka siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba. Vya aina nyingine, HDL, huokota lehemu iliyozagaa na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo maana ile ya kwanza ikaitwa mbaya na hii ya pili ikaitwa nzuri. Kuna na aina ya tatu ya mafuta, trigliseridi, ambayo hupanda sana baada ya mlo mnono, baada ya sukari nyingi, na baada ya pombe.

Sasa ni kweli kwamba anayekunywa pombe kidogo kidogo HDL yake hupanda. Hili limepimwa mara nyingi na sina haja ya kulikataa. Mwaka 1991 televisheni moja ya Marekani ilitangaza kisa cha Wafaransa, wanaokula siagi na jibini kwa wingi lakini hawafi kwa maradhi ya moyo kama Wamarekani. Mwaka uliofuata mtafiti wa Kifaransa, Serge Renaud, akaandika katika jarida la Lancet kwamba huenda siri ni mvinyo. Wauzaji wa mvinyo walifurahi kuliko siku ya harusi. Tangu hapo neno likaenea dunia nzima: glasi moja na chakula ni dawa ya moyo. Likafika mpaka kwa mzee wetu huyu.

Lakini tazama jinsi lilivyojengwa. Watafiti waliwaangalia wanywaji wa kiasi wakawalinganisha na wasiokunywa, wakakuta wasiokunywa wanaugua zaidi. Huko kwao asiyekunywa ni nani? Mara nyingi ni mtu aliyekuwa akinywa, akaugua ini au moyo, akakatazwa na daktari. Ukimhesabu huyo kuwa "asiyekunywa", ni lazima wasiokunywa waonekane wagonjwa. Na mnywaji wa glasi moja na chakula chake cha usiku ni nani? Mara nyingi ni mtu mwenye kipato, mwenye nafasi ya kutembea jioni, mwenye bima na daktari wake. Hapo mvinyo unasifiwa kwa kazi iliyofanywa na mshahara. Waingereza waliligundua kosa hili tangu mwaka 1988, yaani kabla ya mvinyo wa Kifaransa kupata umaarufu wake, lakini habari ya namna hiyo haiuzi chupa.

Kisha ikaja hoja ya HDL yenyewe. Kampuni moja kubwa ya dawa ilitengeneza kidonge kinachoitwa torcetrapib, ambacho kilipandisha lehemu nzuri kwa kiwango ambacho mvinyo haukukaribii kabisa. Wakakijaribu kwa wagonjwa wapatao 15,000. Desemba 2006 jaribio likasimamishwa ghafla, kwa sababu waliopewa kidonge walikuwa wakifa zaidi kuliko wasiopewa. HDL imepanda kwenye karatasi, na mwenye karatasi amezikwa! Tangu hapo matabibu wakawa waangalifu: kupanda kwa namba ya HDL peke yake hakumlindi mtu.

Halafu mwaka 2014 watafiti walikusanya habari za watu zaidi ya 260,000, wakawatazama wale ambao Allah amewaumba na maumbile ya damu yanayowafanya wasiivumilie pombe, hivyo hunywa kidogo zaidi kuliko wenzao au hawanywi kabisa. Kama pombe ya kiasi ni dawa ya moyo, basi hawa wangeugua zaidi. Ikawa kinyume. Mioyo yao ilikuwa salama zaidi, na manufaa yalionekana hata wakilinganishwa na wanywaji wa kiasi. Mwaka 2018 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikaanzisha jaribio kubwa la miaka mingi la kuwapa watu kinywaji kimoja kwa siku, likafungwa mwaka huo huo, baada ya kubainika kuwa fedha nyingi zilitoka kwa makampuni ya pombe na kwamba watafiti waliwasiliana nayo kabla hata jaribio halijapangwa. Na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatamka wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, likikumbusha kuwa pombe ilikwishaorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani miongo kadhaa nyuma.

Na lile la "pamoja na chakula" ndilo linalowadanganya wengi zaidi. Chakula huchelewesha pombe kuingia damuni, hivyo mtu halewi haraka, akadhani amejikinga. Ini lakini halidanganyiki. Pombe ikifika, ini huacha kazi nyingine likaishughulikia hiyo kwanza, kwa sababu mwili hauna ghala la kuiweka. Mafuta ya nyama na chipsi uliyokula hukaa yakisubiri, na ini lenyewe huzidi kutengeneza trigliseridi na kuzimwaga damuni. Mlo mnono ukiandamana na kileo, mafuta ya damuni hupanda kuliko mlo ule ule ukiliwa na maji. Mzee wetu, ambaye trigliseridi zake zilikuwa juu tayari, ndiye mtu wa mwisho duniani wa kushauriwa glasi hiyo.

Hapa najua baadhi ya ndugu zangu wameshaanza kutabasamu, na kesho watasimama katika mihadhara waseme: mnaona, sayansi imeithibitisha Qur'an! Nawaomba tuende taratibu. Sisi hatukuacha mvinyo kwa sababu ya Lancet. Lau tungeuacha kwa sababu ya majarida, basi mwaka 1992 ingetulazimu tuurudie, na mwaka 2014 tuuache tena. Dini gani hiyo inayopanda na kushuka kama bei ya mafuta ya taa?

Rejeeni Suratul Baqara, aya ya 219. Maswahaba walimuuliza Mtume (SAW) juu ya mvinyo na kamari, na Allah (SW) hakusema kuwa havina faida hata chembe. Alibainisha kuwa vina madhambi makubwa na pia manufaa kwa watu, lakini madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa. Kwa hiyo Muislamu hatetemeki akisikia kuwa kuna namba fulani ya damu inayopandishwa na pombe. Qur'an ilikwishalikubali hilo zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, ikaliweka kwenye mizani pamoja na mengine, ikatoa hukumu. Hukumu ya mwisho ipo Suratul Maida, aya ya 90, ambapo mvinyo umewekwa safu moja na masanamu na kupiga ramli, na waumini wakaamrishwa wauepuke. Anas bin Malik (RA), ambaye siku hiyo alikuwa akiwapa kinywaji wageni wa Abu Talha, anasimulia jinsi walivyoamriwa kuumwaga, na vichochoro vya Madina vikatiririka mvinyo. Hakuna aliyesema ngojeni kwanza tumalize wa kwenye chakula.

Na hoja ya faida si mpya. Abu Daud amepokea kisa cha Daylam al-Himyari, aliyemweleza Mtume (SAW) kuwa wao wanaishi katika nchi ya baridi, wanafanya kazi ngumu, na wana kinywaji cha ngano kinachowapa nguvu na kuwakinga na baridi hiyo. Angalieni, hakutaja starehe wala ngoma, alitaja afya na kazi. Mtume (SAW) alimuuliza jambo moja tu: je, kinalevya? Akajibu ndiyo. Akaambiwa wakiepuke. Na katika Sahih Muslim, Tariq bin Suwayd aliposema kuwa yeye anautengeneza mvinyo kwa ajili ya dawa tu, Mtume (SAW) alimjibu kuwa huo si dawa, bali ni maradhi. Ama lile la glasi moja, tunayo Hadithi mashuhuri ya Jabir (RA) kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, basi na kichache chake ni haramu. Fundi wa kisheria atasema, na dharura je? Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza kwa kina: mvinyo wenyewe haufanywi dawa, na palipozungumzwa ruhusa ni pale ulipochanganyika na kuyeyukia ndani ya dawa nyingine na hakuna mbadala ulio tohara. Mzee wetu mbadala anao. Upo mfukoni mwake, ndani ya pakiti, ameandikiwa na yule yule aliyempima.

Ibnul Qayyim (RA), alipoandika juu ya tiba ya Mtume, aliona jambo ambalo mimi naliona kila wiki: ukiifungulia nafsi mlango wa haramu kwa jina la dawa, nafsi inayokitamani kitu hicho haitafunga mlango tena. Ninawafahamu watu walioanza na glasi ya moyo. Sasa wanatibu mioyo yao Ijumaa usiku mpaka saa nane.

Turudi Samunge, maana nchi ile ina habari nyingine ya mafuta ya damu ambayo waliopanga foleni mwaka 2011 hawakuambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tabibu wa Kimarekani, George Mann, aliwapima wanaume wa Kimasai wapatao 400 hapa kwetu Tanganyika. Watu hawa waliishi kwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe, na kwa hesabu za Wazungu walipaswa wawe wameanguka wote kwa moyo. Akakuta lehemu yao iko chini na maradhi ya moyo ni kama hayapo. Baadaye, katika utafiti alioutoa mwaka 1972, aliitazama mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliofariki. Mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwapo, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita bila taabu. Mann aliona sababu ni miguu yao. Mtu anayetembea na ng'ombe kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, moyo wake si sawa na wa mtu anayepanda bodaboda kwenda msikiti wa mtaa wa pili.

Kisha wakaja Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na wenzake akiwamo Mahunnah wa Muhimbili, wakaichunguza mimea ambayo Wabatemi wenyewe, watu wa kina Samunge, hutia katika vyakula vyao, na ile ambayo Wamasai huchemsha kwenye supu ya nyama. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Sehemu kubwa ya magome na mizizi hiyo, kiasi cha asilimia 80, ilikuwa na saponini, kitu kinachotoa povu kama sabuni na ambacho kinaweza kuizuia lehemu tumboni isiingie damuni, au viungo vingine vinavyodhaniwa kufanya kazi kama hiyo. Hata mugariga wenyewe, Wamasai wanauita olamuriaki na wanaufahamu tangu kale bila ndoto ya mtu. Sisemi mkanunue magome. Vipimo vile vilikuwa vya mimea maabara, si vya wagonjwa. Nasema tu kwamba watu wa nchi ile waliteremsha nyama yao kwa supu chungu na mwendo wa miguu, na sisi wa mjini tunatafuta glasi.

Maana, ndugu zangu, tukisema kweli, damu zetu hazikuharibiwa na mvinyo. Wengi wetu hatujauonja. Zimeharibiwa na halali! Chapati inayodondosha mafuta asubuhi, wali wa nazi mchana, chipsi mayai usiku, soda mbili katikati, kisha kiti. Angalieni meza zetu za futari. Mchana kutwa tumefunga, na Magharibi tunaingiza sambusa, kachori, bajia, tambi za sukari, kalimati na juisi kwa muda ambao mwadhini bado hajamaliza kukunja mkeka wake. Halafu Tarawehe tunaziona ndefu. Mtume (SAW) alitufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Tumeihifadhi Hadithi hiyo vizuri, ila tumeisahau theluthi ya pumzi.

Na kwa kuwa nimewataja waliokwenda Samunge, ni uadilifu nitaje na Samunge zetu. Nje ya misikiti yetu siku ya Ijumaa zinauzwa chupa zilizoandikwa kuwa zinaondoa kisukari, presha, kolesteroli, uvimbe na majini kwa dozi moja. Jina lake dawa ya Sunna. Habasoda imetajwa katika Hadithi sahihi, asali imetajwa katika Qur'an, na mimi natumia zote mbili. Lakini aliyetia vitu hivyo kwenye chupa, akaahidi kwamba utaacha vidonge, akakutoza shilingi 30,000, anachofanya si Sunna. Yule wa 2011 alitoza 500. Hata kombe letu la pwani, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, mzee aliyekuwa akiliandika kwa ikhlasi hakumwambia mgonjwa asiende hospitali. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake. Kuitafuta ni ibada, na kutafuta maana yake ni kuuliza pia: umejaribiwa kwa nani, na waliojaribiwa wamekuwaje?

Dawa za kushusha lehemu mbaya zimepita katika swali hilo. Zinaitwa statini, na ya kwanza ilitolewa kwenye kuvu na Mjapani Akira Endo katika miaka ya 1970, yaani nayo asili yake ni kiumbe cha Allah. Katika jaribio la nchi za Skandinavia lililotolewa mwaka 1994, wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge kitupu, bila wao wala madaktari kujua nani ana kipi. Baada ya miaka mitano na zaidi, vifo upande wa dawa vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi moja. Hakuna glasi ya mvinyo iliyowahi kupita katika jaribio kama hilo ikatoka na ushahidi wa namna hii. Dawa hizi zipo katika maduka yetu ya dawa, na hospitali za mikoa huziandika.

Nilimweleza mzee wetu haya yote, na akaniuliza la mwisho: Ramadhani je, vidonge hivi vitamvunjia saumu? Humezwa mara moja kwa siku, na nyingi kati yake humezwa usiku, kwa hiyo baada ya futari au wakati wa daku panatosha kabisa. Mwenye kisukari au presha pamoja na lehemu amuone daktari wake ndani ya mwezi wa Shaabani, apangiwe upya saa za dawa zote, na aende na karatasi yake ya maabara.

Wabillahi tawfiq.